Soma Daftari Kwanza

Somo la wiki: Maneno ya kutia moyo kazini na kwenye mikutano ya biashara

Maandiko ya kusoma nyumbani: Yeremia 28 na 29:1-14, Ayubu 8:1-7 na 42:7, Nehemia 2:11-18, Yakobo 2:14-17



Wiki hii nataka tuongee juu ya kitu kidogo ambacho karibu sisi sote tunakitumia: nukuu. Yaani lile neno la kutia moyo tunalobandika ukutani dukani, tunaloandika nyuma ya pikipiki, tunalotuma asubuhi kwenye kikundi cha WhatsApp cha kazini, na tunalosoma kabla mkutano wa chama haujaanza.

Mimi mwenyewe ni mtu wa nukuu. Nilisomea biashara chuo kikuu, na daftari langu la mwaka wa kwanza lilikuwa na nukuu za matajiri nyingi kuliko hesabu. Nilipoingia kwenye huduma niliendelea vilevile, nikaongeza tu maandiko. Kwa hiyo ninayoandika hapa yananihusu mimi kwanza.

1. Jumatatu moja hapa Lodwar

Mwaka jana meneja wa biashara moja hapa mjini aliniita nifungue mkutano wa wafanyakazi kwa neno. Sitaitaja hiyo biashara. Nilifika saa mbili kasoro asubuhi, jua la Lodwar lishaanza kazi yake. Wafanyakazi kama kumi na tano walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki chini ya mti. Meneja akaninong'oneza, "Pasta, watie moyo hawa watu. Wamelegea sana."

Basi nikawatia moyo. Nilitumia Yeremia 29:11, kwamba Mungu ana mipango mema kwa watu wake, mipango yenye tumaini na kesho. Nikaongeza Ayubu 8:7, ule mstari wa mwanzo mdogo na mwisho mkubwa. Nilipaza sauti, wakasema amina, wengine wakapiga makofi. Nikaomba, meneja akanishika mkono, na mkononi mwake kulikuwa na bahasha. "Ya mafuta ya pikipiki, Pasta." Ndani mlikuwa na shilingi elfu mbili.

Nilipofika getini, askari wa pale, mzee wa rika la baba yangu, alinisalimia kwa heshima, "Ejok, Pasta." Kisha akasema polepole, "Neno lilikuwa zuri. Sasa hizo kesho njema zinaanza mwezi gani? Maana sisi huu ni mwezi wa tatu tunaingia bila mshahara."

Sikuwa na jibu. Nilisema, "Mungu ni mwaminifu, mzee," nikapiga pikipiki moto. Lakini ile bahasha ilinichoma mfukoni njia yote. Mimi nilikuwa nimelipwa siku ileile kwa kuwaambia watu wasiolipwa kwamba mambo yatakuwa sawa.

Yakobo 2:15-16 inamzungumzia mtu wa namna hiyo. Anamwona ndugu hana nguo wala chakula, anamtakia joto na shibe, kisha anaondoka bila kumpa kitu. Nimehubiri mistari hiyo mara nyingi. Siku ile nilikuwa ndani yake.

2. Mama wa Kakuma

Nilinyamaza na jambo hilo kama wiki tatu. Ndipo safari ya Kakuma ikaja, kilomita kama 120 kutoka hapa. Nilikuwa nimealikwa kambini na kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, niwafundishe habari za biashara ndogondogo. Nilibeba karatasi kubwa ya kubandika, na juu kabisa nilikuwa nimeandika mstari gani? Yeremia 29:11. Huo ndio niliouzoea.

Nilitaka kuanza na neno. Mwenyekiti wao, mama kutoka Kongo anayeuza vitenge na mandazi, akasema kwa upole, "Pasta, samahani. Hapa kwetu tunasoma daftari kwanza."

Wakasoma daftari. Nani ameweka kiasi gani, nani amekopa, nani amechelewa. Wakati huo mgao wa chakula ulikuwa umepunguzwa, na wanne kati yao walikuwa wameshindwa kulipa. Mmoja mtoto wake alikuwa mgonjwa. Mwingine alikuwa ameuza unga kwa mkopo kwa jirani, na jirani hana cha kulipa. Hakuna aliyekemewa wala kuimbiwa. Kila mmoja aliulizwa swali moja: "Wiki hii unaweza kiasi gani?" Mmoja alisema shilingi hamsini. Zikaandikwa.

Baadaye mama akanigeukia. "Sasa, Pasta, tupe neno. Sasa tunajua nani anaumia."

Nikaonyesha mstari wangu. Wakatabasamu. Mama akasema, "Mstari huo tunaupenda. Lakini hiyo ni barua, na sisi watu wa kambi tunaanzia mstari wa tano." Akafungua Biblia yake akaisoma barua taratibu kuanzia hapo. Mimi mwenye shahada na karatasi ya kubandika, nilikaa chini nikafundishwa.

3. Barua yenyewe inasemaje

Mpendwa, fungua Yeremia 29 usome mwenyewe. Hii ni barua iliyotoka Yerusalemu kwenda kwa watu waliochukuliwa mateka mpaka Babeli. Ni barua kwa wakimbizi.

Kuanzia mstari wa 5 hadi wa 7 wanaambiwa mambo ya kawaida kabisa: wajenge nyumba, wapande bustani wale matunda yake, waoe na kuozesha, na wauombee mji walipo, kwa sababu mji ule ukiwa na amani na wao watakuwa nayo. Mstari wa 10 unataja muda: miaka 70. Ndipo unakuja mstari wa 11 tunaoupenda. Ahadi ni ya kweli, lakini imekuja pamoja na muda wake na kazi yake. Sisi tumekata muda, tumekata kazi, tumebandika ahadi peke yake ukutani.

Rudi sura moja nyuma, Yeremia 28. Hapo utamkuta mtu anaitwa Hanania. Hanania aliwaambia watu kwamba ndani ya miaka miwili tu mambo yote yatarudi. Alijua kuhutubia yule, mpaka akaivunja nira ya mti iliyokuwa shingoni mwa Yeremia mbele ya watu wote. Bila shaka makofi yalikuwa mengi. Yeremia mwenyewe alisema angependa iwe hivyo. Lakini haikuwa kweli, na Mungu alimwambia Hanania kwamba amewafanya watu kuutumainia uongo.

Hebu tujiulize: kwenye mikutano yetu ya kazi, sisi ni Yeremia au ni Hanania? Siku ile chini ya mti, nilitumia maneno ya Yeremia kufanya kazi ya Hanania.

Na Kakuma ni ushahidi wa ile barua. Kambi ilifunguliwa mwaka 1992, vijana wengi wakiwa wamekimbia vita vya Sudan. Waliokuja wakidhani ni kwa msimu mmoja leo wana wajukuu pale. Waliposimamisha vibanda na kuanza kuuza chumvi na sabuni, walikuwa wanaishi mstari wa 5. Mwaka 2018 Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC, lilitoa utafiti lililoufanya Kakuma, kambini na mjini, likaeleza kuna maduka zaidi ya 2,000 na uchumi wa karibu dola milioni 56 kwa mwaka. Nukuu ukutani haikujenga maduka hayo. Yalijengwa na watu waliolima, waliouza, waliokopeshana na kuandika daftari, huku wakishika ahadi. Kwao ahadi na daftari vilikwenda pamoja.

4. Jua maneno yametoka kwa nani

Yale maneno yangu mengine ya siku ile, Ayubu 8:7, nayo niliyachunguza. Wafanyabiashara wengi wanayapenda sana. Lakini ni nani anayeongea pale? Ni Bildadi, rafiki wa Ayubu. Anamwambia nani? Baba aliyefiwa na watoto kumi. Na mstari wa 4, kabla tu ya maneno yetu mazuri, Bildadi amemwambia huyo baba kwamba watoto wake wamevuna dhambi zao. Katika 42:7 Mungu anasema amemkasirikia Elifazi na wenzake wawili, kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa. Sisemi ni dhambi kuanza kidogo ukategemea kukua. Zekaria 4:10 inatukataza kudharau mwanzo mdogo. Ninachosema ni kwamba sentensi yaweza kuwa nzuri na ikawa imetoka kwenye kinywa kinachomuumiza mtu. Hata Shetani alinukuu Zaburi ya 91, pale Mathayo 4:6.

Kuna na zile tunazodhani ziko kwenye Biblia na haziko. Mfano ni ule usemi kwamba Mungu humsaidia anayejisaidia. Tafuta kuanzia Mwanzo hadi Ufunuo, hutauona. Umekuwa ukizunguka duniani kwa muda mrefu, na Benjamin Franklin wa Marekani aliuchapisha kwenye almanaka yake ya mwaka 1736. Bidii ni kitu chema, lakini Warumi 5:6 inatuambia Kristo alikufa kwa ajili yetu tukiwa hatuna nguvu. Ukimwambia mfanyakazi mgonjwa ule usemi kana kwamba ni andiko, umemwekea Mungu maneno mdomoni.

Na nje ya Biblia ni vilevile. Kuna maneno maarufu sana kwenye semina, kuhusu hofu yetu iliyo kubwa kuliko zote, ambayo watu husema Nelson Mandela aliyatamka alipoapishwa mwaka 1994. Hakuyatamka. Ni ya mwandishi Marianne Williamson, kutoka kitabu chake cha mwaka 1992. Utasema, Pasta, kuna ubaya gani? Ubaya ni huu: tunaazima jina kubwa ili watu wasiulize swali. Mizani ya uongo ni machukizo sokoni, na kwenye maneno pia.

Nukuu hupata uzito kwa maisha ya aliyeisema. Profesa Wangari Maathai alipenda kusimulia hadithi ya ndege mdogo aliyebeba matone ya maji kwa mdomo kuzima moto wa msitu. Ningeisimulia mimi, ungesema ni hadithi ya watoto. Yeye alianzisha Green Belt Movement mwaka 1977, na mwaka 1999 alipigwa akajeruhiwa akitetea msitu wa Karura. Alipomtaja yule ndege, watu walijua anaongea kitu anachokijua.

5. Mkutano wa Nehemia

Sasa, je, tuache kutiana moyo kazini? Hapana. Mithali 25:11 inalisifu neno linalokuja kwa wakati wake. Lakini aya chache mbele, 25:20, inamfananisha anayemwimbia mwenye moyo mzito na mtu anayemvua mwenzake nguo kwenye baridi. Na 26:9 inasema methali kwenye kinywa cha mpumbavu ni kama mwiba mkononi mwa mlevi. Sisi tunaoishi na mathenge hatuhitaji kuelezwa habari ya mwiba. Neno lilelile, wakati mwingine ni dawa, wakati mwingine ni mwiba.

Mfano mzuri ninaoujua wa kutia watu moyo kwenye kazi ni Nehemia sura ya 2. Angalia mpangilio wake.

Kwanza, alikagua. Alizunguka ukuta usiku, akaona mwenyewe palipobomoka, kabla hajamwambia mtu neno.

Pili, alisema ukweli. Katika mstari wa 17 anaanza na hali mbaya waliyo nayo: mji umeharibika, malango yameungua. Hakuficha.

Tatu, alijihesabu ndani. Hakusema "jengeni." Alisema tujenge, pamoja na yeye.

Nne, ndipo akatoa neno la kutia moyo, mstari wa 18: jinsi mkono wa Mungu ulivyokuwa mwema kwake, na maneno aliyoambiwa na mfalme. Alikuwa na barua za mfalme kweli, na kibali cha kupata miti.

Tano, alilipa gharama. Sura ya 5:14 inasema kwa miaka 12 hakula posho ya liwali, kwa sababu watu walikuwa wamelemewa.

Kwa lugha ya biashara: ukaguzi, taarifa ya kweli, kushiriki, kutia moyo, kujinyima. Wengi wetu tunaruka mpaka hatua ya nne, kisha tunashangaa kwa nini ukuta hausimami.

6. Nilirudi kwa meneja

Niliporudi kutoka Kakuma nilimtafuta yule meneja. Nilimrudishia ile elfu mbili, nikamwambia, "Ndugu yangu, iongeze kwenye mishahara. Sikuifanyia kazi." Alinikasirikia kidogo, halafu akakaa kimya, halafu akafungua kabati akatoa faili. Mteja mkubwa alikuwa hajamlipa kwa mwezi wa nne. Akasema, "Nikiwaambia ukweli wataondoka wote."

Nilimkumbusha Kumbukumbu la Torati 24:14-15, kwamba mshahara wa maskini usilale na jua, na Yakobo 5:4, kwamba mshahara uliozuiliwa unapiga kelele na Mungu anasikia. Nikamwambia pia, kama mtu aliyesomea biashara, kwamba Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inataka mfanyakazi wa mwezi alipwe mwezi unapoisha. Neno langu la Jumatatu ile halikuwa badala ya hiyo sheria.

Aliitisha mkutano mwingine. Safari hii alisoma daftari kwanza. Pesa tunazodai ni hizi, zilizoko benki ni hizi, Ijumaa kila mmoja atapata nusu ya mwezi mmoja, na mteja asipolipa kufikia tarehe fulani nitauza pikapu. Yule mzee wa getini aliuliza maswali matatu, yote magumu, na yalijibiwa. Sitakudanganya kwamba kulitokea muujiza. Wafanyakazi wawili waliondoka. Mteja hakulipa kwa tarehe ile, na pikapu iliuzwa kweli. Lakini watu walilipwa, na biashara bado iko wazi.

Mwisho wa ule mkutano mzee ndiye aliyesema, "Pasta, sasa tupe neno." Niliwasomea ile barua, kuanzia mstari wa tano.

7. Kabla hujatoa nukuu kazini

Wewe ni mwenye duka, mwalimu, mweka hazina wa chama, au kiongozi wa waendesha boda. Kabla hujatuma au kusoma neno, jiulize:

Nani alisema, na alimwambia nani? Soma sura nzima, si kipande cha kalenda. Kama hujui mwenyewe, sema "nimesikia watu wakisema." Hakuna aibu.

Ni nani wamekaa mbele yangu? Kazini kuna Waislamu, kuna Wakatoliki, kuna wazee wanaomwita Mungu Akuj. Paulo alipokuwa Athene, Matendo 17:28, alitumia maneno ya washairi wa watu walewale. Methali ambayo kila mmoja anaijua yaweza kufungua mlango ambao mahubiri yangeufunga.

Je, neno hili linaficha kitu? Kama kuna deni, hasara au kosa lako, hilo litangulie.

Je, namchoma mtu? Tuko wengi tunaoweka maandiko kwenye status tukimlenga bosi au mfanyakazi mwenzetu. Huo ni ugomvi uliovaa nguo za ibada. Mathayo 18:15 inasema umwendee mwenyewe, ninyi wawili.

Nitalipa nini ili neno hili liwe kweli? Ukisema "tuko pamoja," basi mwezi wa shida mshahara wako ukatwe wa kwanza.

Kazi ya wiki hii

Chagua nukuu moja iliyo ukutani kwako, dukani, au kwenye simu. Tafuta imetoka wapi na soma yanayoitangulia na yanayoifuata. Kisha fanya jambo moja ambalo nukuu hiyo inakudai: lipa deni, omba msamaha, au mweleze mtu ukweli wa hesabu.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Kwa nini maneno ya Hanania yalipendwa kuliko ya Yeremia? Ni wapi leo tunapenda "miaka miwili" kuliko "miaka 70"?
2. Umewahi kutiwa moyo kwa maneno wakati ulihitaji kitu kingine? Ulihitaji nini?
3. Chama chenu kinaanza na nini, neno au daftari? Mngebadilisha nini?

Ombi

Bwana, tusamehe kwa mara tulizotumia neno lako kufunika madeni yetu. Wakumbuke wote wanaofanya kazi bila kulipwa, hapa Lodwar, Kakuma na Kalobeyei. Wape waajiri ujasiri wa kusema ukweli. Utupe maneno machache, na mikono ya kuyatimiza. Katika jina la Yesu, amina.